Majina Yaliyofutwa Kwenye Kaseti



Nimeombwa nizungumzie gemu za zamani za televisheni, zile za kaseti ya plastiki iliyochomekwa juu ya mashine. Mtu mzima aliyekulia Bukoba au Muleba mwishoni mwa miaka ya 1990, ukimtajia tanki, Mario, Contra au wale bata wa kupigwa kwa bunduki, uso wake unabadilika papo hapo. Anakumbuka stej zote. Anakumbuka ukuta gani ulikuwa na maisha ya ziada. Lakini mwulize aliyeandika gemu ya tanki ni nani, atanyamaza. Nimekuja kuzungumzia ukimya huo. Majina ya watu wale hayakupotea yenyewe. Yalifichwa, kisha yakafutwa, na waliofanya hivyo walikuwa na sababu zao. Hasara yake imetufikia hadi sisi, kwa sababu mtoto anayekua akidhani kwamba kitu anachokipenda kimezaliwa na mashine hawezi kuwaza kwamba naye angeweza kukitengeneza.

Kwanza, zilitufikiaje? Mashine mama ya hizi zote ni Famicom ya Nintendo, iliyoanza kuuzwa Japani tarehe 15 Julai 1983 kwa yeni 14,800. Wakati huo Zanzibar walikwisha kuwa na televisheni ya rangi, lakini Tanzania Bara hatukuwa na kituo hata kimoja. ITV ilianza kurusha matangazo mwaka 1994. Umeme wa mkoa wetu wa Kagera nao kwa miaka mingi ulinunuliwa kutoka Uganda, na vijiji vingi havikuwa na waya hata mmoja. Kwa hiyo Famicom yenyewe ilipita bila wengi wetu kuiona. Kilichotufikia ni nakala zake. Huko Taiwan kampuni ya UMC ilitengeneza chipu zilizofanya kazi ileile ya chipu za Nintendo, na viwanda vingine vikazitia ndani ya maganda ya kila rangi na kila umbo. Zikaenea Asia, Ulaya Mashariki, Amerika Kusini na Afrika. Kaseti moja ilijinadi kwamba ina gemu maelfu kwa maelfu. Ukiipitia orodha yake unakuta gemu chache zinazojirudia kwa majina tofauti.

Walionakili walikuwa na kazi moja zaidi. Gemu halali ikiwashwa huonyesha jina la kampuni na mwaka. Katika nakala nyingi maandishi hayo yalifutwa, ili isijulikane mali ni ya nani. Ndiyo maana pale kwenye kibanda cha gemu, tulipokuwa tunalipa kwa zamu na aliyekufa anaachia pad, hapakuwa na jina lolote la kusoma.

Nataka tukae kidogo kwenye tanki, kwa sababu naipenda na kwa sababu ina siri. Jina lake halisi ni Battle City, ya kampuni ya Namco, mwaka 1985. Unakumbuka: wachezaji wawili wako upande mmoja, vifaru vya adui vinashuka kutoka juu, na chini kabisa kuna tai aliyezungushiwa matofali. Tai akipigwa, mmekwisha wote, hata kama mna maisha kumi. Aliyebuni ni Ryoichi Ookubo, na muziki ni wa mwanamke anayeitwa Junko Ozawa. Hayo huyasomi popote unapocheza. Lakini ndani ya programu, kati ya tarakimu ambazo mchezaji haoni, kuna ujumbe mfupi wa Kiingereza. Unasema kwamba programu hii iliandikwa na mtu anayejiita Open-Reach, ambaye anampenda Noriko. Kuna mpangilio mrefu wa kubonyeza vitufe kwenye pad zote mbili unaoleta maandishi hayo kwenye skrini. Bila kuambiwa, si rahisi mtu aufikie.

Fikirieni kijana huyo wa Tokyo. Kampuni haimruhusu kuweka jina lake. Anatafuta nafasi ndogo iliyobaki kwenye kaseti, analiweka jina la utani, na pembeni yake anaweka jina la mpenzi wake. Kaseti inanakiliwa Taiwan, jina la kampuni linafutwa, inasafiri baharini, inafika Kagera. Waliofuta jina la kampuni hawakuujua ujumbe ule wa ndani. Kwa hiyo katika kibanda kile chenye giza na jasho, jina la Noriko lilikuwapo muda wote, na hakuna aliyejua. Mimi nikilifikiria jambo hili naona uchungu na furaha kwa pamoja.

Tanki ilikuwa na jambo jingine ambalo halitajwi inavyostahili. Kwenye orodha ya mwanzo, chini ya mchezaji mmoja na wachezaji wawili, palikuwa na neno Construction. Ukilichagua, unapewa uwanja mtupu, na unapanga matofali, chuma, maji na majani upendavyo, kisha unacheza uwanja wako. Kwa watoto wengi wa kizazi changu hapo ndipo tulipotengeneza kitu ndani ya mashine kwa mara ya kwanza. Tulimjengea tai ngome ya chuma pande zote. Tuligundua kwamba ngome isiyovunjika inaua mchezo, kwa sababu hakuna hatari tena, tukabomoa upande mmoja. Huo tayari ni ubunifu wa gemu: kujua hatari iwe kiasi gani. Uwanja haukuhifadhiwa, umeme ukikatika, kazi yote imekwenda.

Sasa, kwa nini majina yalifichwa? Tutoke Japani kidogo, twende Marekani, kampuni ya Atari, miaka ya 1970. Pale gemu nzima iliandikwa na mtu mmoja: yeye ndiye aliyebuni, akachora, akaandika programu na kuweka sauti. Boksi likatoka bila jina lake. Kampuni iliogopa kwamba wakijulikana, washindani watawavuta kwa mishahara mikubwa. Waandishi wanne, David Crane, Alan Miller, Bob Whitehead na Larry Kaplan, walipoona gemu zao zinaiingizia kampuni mamilioni ya dola wakati wao wanalipwa mshahara wa kawaida, waliomba watambuliwe. Crane amesimulia kwamba mkuu wa kampuni aliwajibu kuwa umuhimu wao haumzidi mfanyakazi anayeunganisha kaseti kiwandani. Wakaondoka mwaka 1979 na kuanzisha Activision pamoja na Jim Levy, na wakaamua kwamba kila boksi litabeba jina la aliyeiandika gemu. Humo ndimo Carol Shaw alimotolea River Raid mwaka 1982, mwanamke katika fani ambayo wakati huo ilikuwa karibu yote ni ya wanaume.

Mwenzao Warren Robinett hakuondoka kwa kelele. Katika gemu yake Adventure alijenga chumba cha siri. Ili ukifikie lazima uokote nukta moja ndogo isiyoonekana vizuri, uibebe hadi mahali fulani, upite ukutani. Ndani ya chumba kuna maandishi yanayosema aliyeitengeneza ni yeye. Mchezaji alipokigundua, Robinett alikwisha kuacha kazi, na kaseti zilikuwa zimetapakaa nchi nzima. Hapakuwa na namna ya kumfuta.

Huko Japani wabunifu walipewa ruhusa ya nusunusu. Ukimaliza The Legend of Zelda ya mwaka 1986, majina yanapita kwenye skrini, lakini mengi ni ya utani: Shigeru Miyamoto ameandikwa S. Miyahon, Takashi Tezuka ni Ten Ten, mtunzi wa muziki Koji Kondo ni Konchan. Katika Castlevania ya Konami, ya mwaka huohuo, hali ni ileile. Sehemu kubwa ya muziki wake ni kazi ya msichana aliyekuwa ametoka chuoni muda mfupi tu, Kinuyo Yamashita, na jina lililoonyeshwa kwa mtunzi ni James Banana. Hapa kwetu kwenye migomba jina hilo linachekesha, nami sikatai kicheko. Ila binti yule aliandika muziki ambao watu wanaupiga kwa okestra hadi leo, na kwa miaka mingi wapenzi wake hawakuwa na jina la kumshukuru.

Niwaambie kuhusu watu wawili waliosababisha mashine yenyewe iwepo. Wa kwanza ni Gunpei Yokoi. Aliajiriwa Nintendo mwaka 1965, wakati kampuni ilikuwa inatengeneza karata, na kazi yake ilikuwa kuzitunza mashine za kiwandani. Alikuwa fundi. Katika muda wake wa ziada alijitengenezea mkono wa kuchezea unaorefuka na kushika vitu. Rais wa kampuni, Hiroshi Yamauchi, aliuona, akaamuru uuzwe, na ukauzwa zaidi ya milioni moja. Yokoi akahamishiwa kwenye ubunifu. Baadaye alitaka kutengeneza bunduki za kuchezea zinazotumia mwanga, akakutana na kijana wa kampuni ya Sharp aliyekuwa anauza vipande vinavyopokea mwanga. Akamvuta aje Nintendo. Kijana huyo ni Masayuki Uemura, na ndiye aliyekuja kusanifu Famicom.

Wengi mmecheza bata kwa bunduki. Tuliamini bunduki inatoa kitu kinachoruka hadi kwenye televisheni. Ni kinyume chake: bunduki haitoi chochote, inapokea. Ukivuta kifyatulio, skrini nzima inakuwa nyeusi kwa muda mfupi mno, kisha mahali alipo bata panatokea pande jeupe. Kipande kilichomo kwenye mtutu kikiona mwanga huo, umepata, kisipouona, umekosa. Basi. Ndiyo maana aliyekuwa anaielekeza bunduki kwenye balbu alijipatia bata wa bure katika baadhi ya nakala, na mwenye kibanda akawa mkali.

Uemura alipewa agizo na Yamauchi mwaka 1981: tengeneza mashine ya nyumbani ya kutumia kaseti, iwe ya bei ya chini kiasi kwamba washindani watashindwa kuifuata. Bei hiyo ndiyo iliyoamua kila kitu. Kumbukumbu ya kufanyia kazi ikawa kilobaiti 2. Prosesa ikawa ya biti 8, yenye kasi isiyofika megahezi 2. Mashine ile, pamoja na toleo lake lililouzwa Marekani na Ulaya, iliuzwa karibu milioni 62 duniani, na hapo hatujahesabu nakala hata moja kati ya zile zetu.

Ndani ya udogo huo ndipo waliposhonwa akina Mario. Super Mario Bros. ilitoka tarehe 13 Septemba 1985. Yote, ramani, picha, muziki na kanuni, ina kilobaiti 40. Picha moja tu unayopiga kwa simu leo ni kubwa kuliko hiyo mara nyingi. Walifanyaje? Kwa ubahili wenye akili. Mawingu ya juu na vichaka vya chini ni mchoro mmoja uliobadilishwa rangi; nendeni mkaangalie. Miyamoto na Tezuka walichora viwanja kwenye karatasi za miraba, na waandishi wa programu, Toshihiko Nakago na Kazuaki Morita wakiwamo, wakaigeuza michoro hiyo ya viwanja kuwa tarakimu. Miyamoto mwenyewe si mwandishi wa programu. Alisomea usanifu wa bidhaa, na alikulia Sonobe, mji mdogo nje ya Kyoto, ambako utotoni alikuwa anazunguka misituni na kuingia mapangoni.

Tazameni sekunde za mwanzo. Mario amesimama kushoto na kulia kuna nafasi, kwa hiyo unakwenda kulia bila kuambiwa. Anakuja mdudu mmoja mwenye hasira. Ukisimama, unakufa, ukiruka, pengine unagonga tofali lenye alama ya kuuliza na sarafu inatoka. Ndani ya nusu dakika umejifunza kukimbia, kuruka na kutafuta hazina, na hujasoma neno hata moja. Ndiyo maana mtoto wa huku kwetu Ijumbi asiyejua Kijapani wala Kiingereza aliimudu siku ileile. Huu ni ualimu wa hali ya juu, na nawaambia walimu waliopo hapa kwa heshima yote: kuna cha kujifunza kwa Miyamoto kuhusu somo la kwanza la darasa la kwanza.

Koji Kondo, aliyetunga muziki wake, alikuwa na sauti chache mno za kutumia: mbili za kubeba wimbo, moja ya besi, na mvumo mmoja wa kelele aliougeuza kuwa ngoma. Alitaka muziki uende na mwendo wa mtu anayekimbia na kuruka. Mwaka 2023 Maktaba ya Bunge la Marekani iliuingiza wimbo ule kwenye orodha ya rekodi za kuhifadhiwa daima, muziki wa kwanza wa gemu kupata nafasi hiyo. Mafundi wa redio wa mjini Bukoba waliokuwa wanaupiga mluzi wakati wanalehemu waya hawakuhitaji maktaba kuwathibitishia.

Na kaseti yenyewe? Kabla ya mwaka 1976 gemu za nyumbani zilikuwa zimefungwa ndani ya mashine; umenunua mashine, umenunua na gemu zake, basi. Wazo la kuitoa gemu nje lilianza kwa Wallace Kirschner na Lawrence Haskel wa kampuni ya Alpex. Aliyeongoza kazi ya kulifanya liwe bidhaa ya kuuzwa, katika mashine ya Fairchild Channel F iliyotoka Novemba 1976, ni Jerry Lawson, mhandisi Mmarekani mweusi aliyezaliwa Brooklyn, New York, mwaka 1940. Tatizo halikuwa dogo. Mtoto atachomeka na kuchomoa kaseti mara maelfu. Viunganishi visisagike, umeme tuli usiue chipu. Lawson na wenzake walilitatua, na kila kaseti iliyofika Kagera imefuata njia waliyoifungua.

Lawson amesimulia kwamba akiwa mtoto wa darasa la kwanza, mwalimu wake alikuwa na picha ya mwanasayansi mweusi George Washington Carver ukutani, karibu na alipokaa, na mwalimu akamwambia kwamba naye anaweza kuwa hivyo. Amesema jambo hilo lilimtia moyo hasa. Alifariki mwaka 2011, mwezi mmoja baada ya wabunifu wa gemu kumtunuku hadharani. Hapa ndipo hoja yangu inaposimama, ndugu zangu. Jina na picha ukutani vilimfanyia kazi mtoto mmoja wa Brooklyn, na mtoto huyo akaibadilisha sebule ya dunia nzima. Kisha jina lake mwenyewe likasahaulika kwa karibu miaka thelathini.

Kuhusu Tetris nitasema kidogo, kwa sababu hadithi yake imesimuliwa sana. Alexey Pajitnov aliiandika Moscow mwaka 1984, kwenye kompyuta ya kazini isiyokuwa na michoro. Matofali yake yalikuwa mabano tu. Haki za mauzo zilibaki kwa dola ya Kisovieti, na yeye hakuanza kupata malipo ya gemu yake hadi mwaka 1996. Vile vimashine vya mkononi vya matofali tulivyonunua sokoni havikumpa hata senti, wala havikumtaja.

Mkoa huu una desturi tofauti. Mpiga enanga wa Kihaya akikaa na zeze lake la ubao, watu wanajua nani anapiga, amejifunza kwa nani, na amebadilisha nini katika utendi aliourithi. Profesa Mugyabuso Mulokozi alipozitafiti tendi hizo, aliwaandika waghani kwa majina yao, na ndiyo maana leo msomi wa Ulaya anaweza kumtaja Habibu Selemani kama msanii, wala si kama sauti ya kabila fulani. Sisi tunajua kumheshimu mtu nyuma ya kazi. Sijui kwa nini tuiache heshima hiyo mlangoni tunapoingia kwenye kibanda cha gemu.

Afrika Mashariki sasa ina watu wa kutajwa. Mkenya Wesley Kirinya alitoa The Adventures of Nyangi mwaka 2007, akiwa kijana aliyejifundisha mwenyewe sehemu kubwa ya kazi hiyo. Baadaye yeye na Mghana Eyram Tawia wakaanzisha Leti Arts. Lual Mayen ni wa Sudan Kusini. Alikulia katika kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda. Mama yake alidunduliza kwa miaka mitatu hadi akapata dola 300 za kumnunulia kompyuta, na kijana alitembea saa tatu kwenda mahali penye umeme wa kuichaji. Akaandika Salaam, gemu ambayo mchezaji anakimbia vita akitafuta chakula na maji. Mwaka 2018 alitunukiwa Los Angeles kwenye The Game Awards. Wazazi, msimsikilize kijana; msikilizeni yule mama. Hakuona gemu kuwa uhuni.

Nina ombi kwa wanafunzi wa hapa, na ni la kazi. Uemura alipostaafu Nintendo mwaka 2004 alikwenda kufundisha Chuo Kikuu cha Ritsumeikan, Kyoto, na miaka yake ya mwisho hadi alipofariki Desemba 2021 aliitumia katika kuhifadhi historia ya gemu. Sisi historia yetu haijaandikwa. Katika Muleba na Bukoba wapo watu waliofungua vibanda kwa televisheni moja na jenereta ya kukopa. Wapo mafundi waliojua kwamba kupuliza kaseti kunaleta unyevu unaokula viunganishi, wakatumia spiriti na kitambaa. Waliounganisha adapta zilizoungua, waliotengeneza pad moja kutoka kwenye pad tatu zilizokufa. Bila wao Miyamoto asingefika huku kwetu Ihangiro. Nendeni kwao na daftari, mkiwaomba ruhusa kwanza. Waulizeni: mashine ya kwanza uliipata wapi na kwa shilingi ngapi? Ni gemu gani watoto walikuwa wanaililia? Wasichana walicheza? Nani alikufundisha kulehemu? Nani alikuwa anamaliza Contra bila kufa, na sasa anafanya kazi gani? Andikeni majibu kwa Kiswahili au kwa Kihaya, kama wanavyoyasema wao. Na wale miongoni mwenu mnaoweza kupata kompyuta, jueni kwamba zana za kuandikia gemu mpya za Famicom zinapatikana bure, na watu duniani wanaendelea kuziandika hadi leo, ndani ya zile kilobaiti 2. Mkiandika yenu, wekeni majina yenu kwenye skrini ya kwanza.